Hapo Hapo, Vizuri Kabisa

Mgongo wa kwanza siku ile ulikuwa wa karani wa benki, na ulikuwa mgumu kama kibao cha kukatia nyama. Vidole, mkandaji, aliuwekea mikono tu akajua. Akafumba macho, akavuta pumzi, akamwomba Mungu ampe subira, maana bila subira angeiacha meza pale pale, aende uani na kumziba dada yake mdomo kwa taulo.

Mtu akitoka kwenye mvuke anatakiwa awe laini. Ndiyo kazi ya mvuke, haina nyingine. Unamkalisha mteja kwenye chumba kidogo cha mbao, maji yanachemka kwenye pipa huko nje, mvuke unaingia kwa bomba ukiwa na harufu ya majani ya mkaratusi, pua zinazibuka, jasho linatiririka, misuli inaachia yenyewe. Halafu anakunywa maji, anapumzika kidogo kitini, ndipo anakuja kulala mezani kukandwa. Mkandaji anayepokea mtu aliyetoka kwenye mvuke mzuri amepunguziwa nusu ya kazi. Lakini wateja wa Vidole, kwa miezi sasa, walikuwa wanatoka mle mabega yamewapanda mpaka masikioni, kama watu waliotoka kusomewa mashtaka.

Alimaliza na karani, akampa taulo, akatoka nje.

"Huyu umemwambia nini?"

Dada yake alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko anasukuma kuni, uso unang'aa kwa jasho. "Nani? Yule? Nimemsalimia tu."

"Umemsalimia namna gani mpaka shingo ikawa chuma?"

"Ah, mdogo wangu. Labda kalala vibaya."

Kila mtu alikuwa kalala vibaya. Mji mzima ulikuwa unalala vibaya, ukimsikiliza dada.

Watu walimwita Redio, na hawakumwonea. Alikuwa anafunguka alfajiri pamoja na macho yake na hakuna aliyewahi kugundua anazimiwa wapi. Aliongea na wauza mkaa, akaongea na paka, akaongea na pipa likichelewa kuchemka. Mdogo wake alipofungua kile kijumba cha tiba, chumba kimoja cha kukandia, kiukumbi cha kungojea na ua wa nyuma wenye chumba cha mvuke, alimchukua dada amsaidie kwa sababu ndiye aliyemlea, na kwa sababu moto anaujua. Moto aliujua kweli. Mvuke wake haukuwahi kuwa mkali wa kuunguza wala mlegevu wa kukera, na hakumwingiza mtu ndani kabla ya kumuuliza kama ana presha. Shida ilikuwa ule mdomo. Kwenye mlango wa chumba cha mvuke kulikuwa na kidirisha kidogo cha kuteleza, kiliwekwa ili mteja akizidiwa na joto aombe msaada. Redio alikifanya kituo cha matangazo. Alisogeza kigoda chake pale, akafungua kidirisha, akaweka mdomo. Vidole alimwandikia kibao, KIMYA TAFADHALI, kwa herufi kubwa nyekundu, akakipigilia mlangoni kwa mkono wake. Siku hiyo hiyo Redio alikitundikia taulo la kukausha.

Na wateja walikuwa wanapungua. Hilo ndilo lililomnyima usingizi Vidole. Seremala alipotea. Wacheza mpira wawili waliokuwa wanakuja kila baada ya mechi walipotea. Dereva wa lori, jitu lenye mgongo kama ukuta, ambaye zamani alikuwa akifika kila akirudi safari, naye kapotea. Mara kadhaa Vidole alisikia dada yake akipaza sauti kwenye mlango wa mbele, "Tumejaa! Leo tumejaa!" na alipotoka akakuta viti vya ukumbini vitupu vinamwangalia.

"Tumejaa nini, dada?"

"Nilifikiri tumejaa."

Sasa mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Vidole aliamini kwa moyo wake wote kwamba dada anawafukuza watu ili apate nafasi ya kupiga soga na waliobaki, na hao waliobaki anawajaza umbea mpaka wanaingia mezani na mishipa imewasimama. Alikuwa amevumilia, amesihi, amefoka. Yalikuwa yamemfika hapa shingoni. Wiki iliyopita alimpigia simu kaka yao mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akamweleza, na kaka akasema pale kaunta panahitajika mtu, dada aende tu. "Ila umwambie mwenyewe," kaka alisema haraka haraka. "Mimi simo."

Angemwambia leo, mteja wa mwisho akishaondoka. Alikuwa ameyapanga maneno kichwani tangu anapiga mswaki.

Lilikuwapo jambo jingine, ambalo hakulipangia maneno yoyote. Jina la Vidole alipewa na wateja kwa ajili ya madole gumba yake mawili, yaliyoweza kutembea mgongoni mwa mtu asiyemjua na kulifuata fundo mpaka mahali lilipojificha. Wengine walimwita hivyo bila kujua jina lake la kuzaliwa, naye aliona fahari. Na sasa gumba la kulia lilikuwa linakufa. Lilikuwa linauma pale shinani, karibu na kifundo cha mkono, maumivu ya kuchoma yanayopanda mpaka kwenye kiwiko. Mteja akishalala kifudifudi, Vidole alitumia kiwiko, alitumia mfupa wa mkono, alitumia ngumi, chochote ila gumba. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na aseme nini? Kazi nyingine hakuwa nayo. Mkandaji asiye na vidole ni mtu tu aliyesimama karibu na meza. Kwa hiyo alijiambia ni baridi, halafu joto lilipokuja akajiambia ni joto.

Mchana alikuja fundi cherehani, mama mtu mzima mwenye mabega yaliyochakaa kwa kuinamia mashine, mteja wao tangu wanafungua. Vidole alimpokea, akamkabidhi kwa dada, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama nyuma ya pazia la mlango wa uani, akachungulia.

Redio alimfunika mama wa watu shuka, akamkalisha kwenye benchi, akampa kitambaa cha maji baridi cha kujifuta uso, akafunga mlango vizuri. Mpaka hapo, safi. Halafu, kama alivyotazamia, kigoda kikasogea na kidirisha kikafunguka. Redio akainama, mdomo umegusa mbao, akaanza. Kilichomshangaza Vidole ni kwamba alikuwa ananong'ona. Hakujua kwamba dada yake anaweza kunong'ona. Na kupitia kile kidirisha, katikati ya mvuke, alikiona kichwa cha fundi cherehani kikiitikia, kinainuka na kushuka, kinainuka na kushuka, kama mtu anayepewa maagizo ya safari.

Haya, alisema Vidole moyoni. Leo ndiyo leo. Akarudi ndani akayapasha mafuta kwa kuyasugua viganjani, huku damu inamchemka.

Fundi cherehani alikuja, akalala, akauingiza uso kwenye tundu la meza. Mabega yake yalikuwa mawe mawili.

"Legeza, mama."

"Nimelegeza, mwanangu."

"Hujalegeza."

"Nimelegeza kabisa. Hivi ndivyo nilivyo."

Vidole akaanza kwa kiganja, akateremka na mkono wa kushoto, akarudi juu. Kwenye bega la kulia aliligusa fundo lile la zamani, wanajuana nalo miaka, na kwa mazoea, kabla hajajizuia, akalibonyeza kwa gumba. Maumivu yakampiga mpaka kwapani. Aliinua mikono yote miwili juu akauma meno, akaukung'uta ule wa kulia kama mtu aliyeungua. Na ili mteja asihisi kitu, aliuliza lile swali analouliza siku zote.

"Hapa vipi, mama?"

"Hapo hapo, mwanangu! Vizuri kabisa!"

Vidole akaitazama mikono yake. Ilikuwa hewani.

Akarudi nyuma mpaka dirishani. Akangoja kidogo, kama mtu anayefanya kazi.

"Na hapa?"

"Aaah! Hapo sasa ndipo penyewe. Mungu akubariki."

Vidole akaegemea ukuta, akakunja mikono. "Mama," alisema, "mimi niko dirishani."

Miguu ya fundi cherehani ikasogea kidogo, kidole kikakwaruza shuka.

"Toka saa ngapi?" ikauliza sauti ya chini kutoka kwenye tundu.

"Toka uliposema penyewe."

Mama wa watu akajiinua, akajizungushia shuka, akakaa ukingoni mwa meza akiangalia sakafu kama mtoto aliyekutwa jikoni. Alijaribu kusema kwamba uzee, kwamba ngozi imekufa ganzi, na Vidole akamwacha ajaribu mpaka akaishiwa.

"Dada yako katuambia," alisema mwishowe.

"Katuambia? Nyinyi nani?"

"Sisi wote."

Ikatoka yote, kidogo kidogo. Kwamba Redio, mteja akishaingia kwenye mvuke, humwambia vidole vya mdogo wake vinauma, na ni mtu wa fahari, hataki kujulikana. Kwa hiyo akikukanda, usimwambie aongeze nguvu. Usigune. Ukiona anatumia kiwiko, nyamaza. Akiuliza, sema hapo hapo, vizuri kabisa. Na wale wenye migongo mikubwa, seremala, wacheza mpira, yule wa lori, wao wanaambiwa mlangoni kwamba pamejaa, maana migongo ile itammaliza.

"Sasa mimi nikilala hapa najikaza," alisema fundi cherehani. "Nabana pumzi nisije nikaguna ukajisikia vibaya. Yule karani naye ndiyo hivyo hivyo, tuliongea juzi. Unajikaza mpaka unatoka shingo inauma."

Vidole alitaka kucheka na alitaka kupasua kitu. Kumbe miezi yote hii watu wazima na akili zao wamekuwa wanajikunja mezani kwake kwa adabu! Yeye anakazana kuwalegeza, wao wanakazana wasimuumize, na kila mmoja anamdanganya mwenzake kwa heshima zote. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Kwa hiyo mnakuja hapa kunionea huruma."

"Hapana, mwanangu, usiseme hivyo!" Fundi cherehani alimshika mkono, kisha akakumbuka ni mkono gani akauachia haraka. "Tunakuja kwa ajili ya mvuke. Mvuke wenu mzuri sana."

Alikuwa na nia njema, maskini. Vidole alimsaidia kuvaa, akamsindikiza mpaka mlangoni, akafunga. Kisha akavuka ukumbi mpaka uani.

Redio alikuwa anapanga majani ya mkaratusi kwenye beseni, anaimba.

"Nani alikuambia mkono wangu unauma?"

Dada akageuka, akauona uso wa mdogo wake, akaweka majani chini. Hakujifanya hamnazo, hilo mpe haki yake. "Kikombe," alisema.

"Kikombe gani?"

"Kikombe cha chai. Unakishika kwa mikono miwili kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana. Na ufunguo. Kila asubuhi unanipa mimi nifungue, eti kufuli lina kutu. Kufuli tumelinunua jipya! Na shati lako, vifungo huvifungui, unalivulia kichwani. Unafikiri mimi kipofu? Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga vifungo."

"Na ndiyo uwatangazie watu wote?"

"Sikutangaza. Nilinong'ona."

"Dada!" Vidole alipiga teke kigoda, kikaenda kikagonga pipa. "Hii ni kazi yangu! Watu wananidanganya kwa migongo yao wenyewe! Nimesimama dirishani mtu anasema hapo ndipo penyewe! Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nimekuambia. Nimekuambia pumzika, ukasema niangalie moto wangu. Nimekuambia twende hospitali wakuangalie mkono, ukasema tukimaliza wateja. Nimekuambia mbele ya pipa hili hili."

"Wewe unaongea tangu jua halijatoka mpaka taa zinazimwa! Nitajuaje lipi la kusikiliza?"

Hilo lilimwingia Redio. Alijifuta mikono kwenye kanga yake, mmoja, halafu wa pili, bila haraka.

"Basi na hili sikiliza," alisema. "Dukani kwa kaka nitakwenda. Usihangaike kutafuta maneno, amenipigia tangu juzi. Yule naye hawezi kutunza siri. Nitakwenda, nitauza misumari. Ila niambie kwanza, nikishaondoka, nani atakuwa anamrudisha yule wa lori?"

Yale maneno aliyoyapanga tangu anapiga mswaki yalikuwa yameyeyuka yote. Vidole alitazama jiko, akatazama bomba linalotoa mvuke bure kwenye chumba kisicho na mtu, akahisi hasira yake inatafuta pa kushika na haipati.

"Ingia," alisema Redio.

"Wapi?"

"Humo. Moto unawaka, mvuke unapotea, na wewe tangu tufungue hujawahi kukaa humo hata mara moja. Ingia, mtoto wewe, kabla sijakubeba."

Aliingia, kwa sababu alichoka kubisha. Alivua, akajifunga shuka, akakaa kwenye benchi ambalo alikuwa amewakalisha watu wengi mno, na joto likamjia kutoka miguuni likapanda kiunoni, likafika kwenye shingo. Harufu ya mkaratusi ikamfungua kifua. Kilikuwa kitu kizuri, na alikasirika kwamba ni kizuri. Mlango ukafunguliwa, Redio naye akaingia na shuka lake na kichupa cha mafuta, akajibana kando yake.

"Lete mkono."

"Hujui kukanda."

"Nimekuangalia mpaka nimechoka. Lete."

Alimpa. Redio akamimina mafuta mengi kuliko inavyotakiwa, akaushika ule mkono na kuanza kuusugua kama anayefua soksi. Hakuna alichopatia. Alibonyeza pasipobonyezwa, akavuta pa kuachwa, na alipofika shinani mwa gumba Vidole aliona nyota ndani ya mvuke. Alimwangalia dada yake, uso umekunjamana kwa bidii, ulimi umetokeza kwenye pembe ya mdomo, na maneno yakamtoka yenyewe.

"Hapo hapo. Vizuri kabisa."

Redio akaacha. "Mwongo. Mabega yamekufika masikioni."

Yalikuwa yamefika kweli. Vidole aliyasikia, mawe mawili, yamebanwa kwa adabu. Alijaribu kuyashusha yakakataa.

"Inauma, dada," alisema. "Inauma hata nikiwa nimelala. Inauma nikiandika jina langu. Na ninaogopa. Nikienda wakaniambia niache, mimi nitafanya nini? Mimi ni hivi vidole tu. Hata jina watu wamenipa ni hilo."

Akaendelea. Alisema habari za kiwiko na ngumi, za chupa anazofungua kwa meno, za usiku anapouweka mkono chini ya mto ili usimwamshe. Alisema mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima, na Redio alikuwa ameushika mkono ule kwa viganja viwili, bila kuubonyeza tena, ameushika tu mle ndani ya joto. Polepole, bila kuombwa, yale mabega yalianza kuteremka.

"Kesho hospitali," alisema Redio alipopata nafasi.

"Kesho kuna wateja."

"Wakija nitawapa mvuke. Si umeambiwa ni mzuri?"

"Umesikiliza mlangoni!"

"Sauti yenu ilikuwa kubwa."

Ndipo mlango wa mbele ukagongwa. Ulikuwa mgongo mkubwa unaogonga, ungejua hata kwa sauti ya mbao. "Jamani wenyewe!" liliita jitu. "Ni mimi wa lori! Leo msinifukuze, nimeendesha siku tatu, mgongo unaniua!"

Miguu ya Vidole ilikuwa tayari inatafuta sakafu. Aliujua mgongo ule, alijua hasa pale chini ya bega la kushoto unapojifunga, na mikono yake iliwashwa kwa hamu ya kwenda, hata ule mbovu. Redio alikuwa amemgeukia. Mdomo ulikuwa wazi, neno liko kwenye ulimi, lakini kwa mara ya kwanza alikuwa anangoja.

Mlango ukagongwa tena.

"Mwambie tumejaa," alisema Vidole, na mkono wake akauacha pale pale ulipokuwa.